Gari Liligeuzwa Kisarawe

Visiga, 12 Novemba 1950

Kwa shangazi yangu Biubwa binti Mwinjuma, Maneromango.

Shikamoo, shangazi. Natumai karatasi hii itakukuta umekaa kwa raha, wewe na mume wako Mzee Mwinyijuma na watoto. Sisi huku wazima. Baba anasumbuliwa na goti, hasa mvua ikikaribia, lakini analima mwenyewe na hataki kusaidiwa. Mke wangu Mwanakheri anakusalimu. Binti yetu Swaumu ametimiza miaka mitatu na anauliza maswali mpaka watu wanamkimbia. Wanasema kanirithi mimi.

Najua hunijui kwa sura. Mimi ni Salumu, mtoto pekee wa kaka yako Abeid. Zile salamu unazotuletea kwa wapita njia, baba akizipata huitikia, kisha huondoka barazani. Nimekua nikijua nina shangazi mmoja tu duniani, na sijawahi kumwona.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Mimi ni dereva wa lori hapa kwenye shamba la mkonge. Krismasi hii shamba litafungwa siku tisa, na bwana mkubwa ameniruhusu nilitumie lori, mradi petroli iwe yangu. Mwanakheri hajawahi kuvuka Dar es Salaam. Nimesema twende sote, tuje kwenu tusome Maulidi pamoja, maana mwaka huu mwezi wa mfungo sita umeangukia mumo humo.

Nilipomwambia baba, hakukasirika wala hakufurahi. Aliuliza tu, "Njia ipi?" Nikamwambia tutashuka Dar es Salaam, tupande Pugu, tupite Kisarawe. Akanyamaza siku nne. Siku ya tano akasema atakuja.

Shangazi, kutoka hapa mpaka kwenu kwa kukatiza porini, mtu mwenye nguvu hutembea siku mbili. Baba alikuwa na nguvu. Kwa nini miaka ishirini na mitatu hajaja? Nimemuuliza. Ameniambia nikuulize wewe.

Ni mimi mwanao,
Salumu bin Abeid


Maneromango, 29 Novemba 1950

Mwanangu Salumu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mwinyijuma ananicheka, anasema nitaimaliza wino. Hatujambo. Korosho mwaka huu zimezaa vizuri upande wa bondeni, huku juu zimetunyima. Binti yangu mkubwa amejifungua salama, mtoto wa kiume.

Naandika kwa herufi za chuo, zile za Kiarabu; zenu za Kizungu nazisoma polepole lakini kuziandika sijui. Marehemu baba yetu alikuwa mwalimu wa chuo, alitufundisha sote wawili, mimi na baba yako, kwenye ubao mmoja. Kama herufi hizi zinakushinda, mpe mtu mwingine akusomee. Usimpe baba yako.

Njooni. Njooni wote na huyo mwenye maswali. Chumba nimekwisha kukiandaa, na Mwinyijuma amekata miti ya kutengeneza banda la wageni. Barabara ya huku ni mbaya, mkivuka mabonde mshuke mtembee, muache gari liende tupu.

Jambo moja. Mkifika Kisarawe msisimame. Watu wa pale wanapenda sana kujua habari za watu. Pitilizeni mpaka huku, maji na chakula mtavikuta kwangu.

Kuhusu kaka yangu na kwa nini haji, mimi sijui analolijua yeye. Mtu mzima hana lazima ya kueleza miguu yake kwa nini haikwenda mahali. Mradi sasa anakuja, yamekwisha.

Shangazi yako,
Biubwa


Maneromango, 31 Desemba 1950

Salumu,

Hatujambo. Sijui ninyi.

Tuliwangoja tarehe ishirini na nne. Nilipika wali wa nazi na kuku wanne. Watoto walikaa juu ya kichuguu tangu asubuhi kusikiliza gari. Jioni kengele za misheni zikaanza kulia kwa sikukuu yao, mtoto mmoja akaruka akidhani ndiyo honi yenu. Siku ya pili nikapika tena. Ya tatu Mwinyijuma akaniambia niache, chakula kinaharibika.

Nikasema labda mmepata ajali. Nimelala na hofu hiyo siku mbili. Kisha jana akapita muuza tumbaku, akasema aliliona lori Kisarawe mchana wa tarehe ishirini na nne, dereva kijana, mbele kakaa mzee na mwanamke aliyempakata mtoto mwenye gauni jekundu. Anasema lilisimama kidogo, likageuka, likarudi lilikotoka.

Kama ni ninyi, nini kilichowarudisha? Kutoka Kisarawe mpaka hapa mlikuwa mmebakiza kipande kidogo.

Biubwa


Visiga, 19 Januari 1951

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, baba mzima, Swaumu alikuwa na homa imepungua. Poleni sana kwa kutungoja, na samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zimekuwa nyingi tangu shamba lifunguliwe.

Ni kweli tulifika Kisarawe. Lori liliharibika. Rejeta ilichemka kwenye milima ya Pugu, nikaona siwezi kuwatia wazee na watoto kwenye barabara ya kwenu na gari la namna ile. Tukaona turudi taratibu.

Mungu akipenda tutajaribu siku nyingine. Nisalimie Mzee Mwinyijuma.

Salumu


Maneromango, 8 Februari 1951

Mwanangu Salumu,

Marahaba. Swaumu mpe majani ya mwarobaini, maji yake aogeshwe. Huku kuna joto lisilo na adabu, tunangoja mvua.

Mimi siyajui magari. Lakini naijua mizigo. Punda akichoka kwenda mbele kipande kidogo, hana nguvu ya kurudi nyuma safari nzima. Lori lako lilikuwa bovu kuja kwangu, likawa zima kurudi Visiga?

Kwenye barua yako ya kwanza uliniuliza swali la miaka ishirini na mitatu. Kwenye hii ya pili hukuuliza hata moja. Mtu mwenye maswali akiacha kuuliza, basi ameona kitu.

Nami nakuuliza swali moja, unijibu hilo tu. Mliposimama Kisarawe, mlikutana na mzee mmoja anayesuka vitanda vya kamba, jina lake Kondo?

Shangazi yako


Visiga, 4 Machi 1951

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Swaumu amepona, anakimbia. Mwanakheri ana ujauzito wa miezi mitatu, hilo baba ndiye aliyeniagiza nikuambie.

Nilikudanganya na naomba radhi. Sasa nitakueleza kama yalivyokuwa.

Rejeta ilichemka kweli, hiyo haikuwa uongo. Nilikumbuka ulisema tusisimame, lakini mvuke ulikuwa unatoka mpaka Swaumu anapiga makofi. Nikasimama Kisarawe, nikachukua debe, nikaenda kwenye nyumba ya karibu kuomba maji. Barazani palikuwa na mzee anasuka kitanda, mguu wake mmoja mfupi. Akanipa maji, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Visiga. Visiga kwa nani? Nikasema kwa Abeid bin Mwinjuma, yule pale ndani ya gari.

Aliiachia kamba, kitanda kikafumuka nusu. Akaenda akichechemea mpaka kwenye lori, akashika mlango wa upande wa baba.

"Shemeji," akasema. "Umezeeka."

Baba hakumtazama. Alitazama mbele kama mtu anayehesabu nguzo.

"Shemeji, mimi Kondo. Mnakwenda kwa Biubwa?"

Baba akaniambia, "Geuza gari."

"Baba, rejeta bado haija—"

"Salumu. Geuza gari."

Nikageuza. Njia nzima mpaka Visiga Mwanakheri alinifinya kila nilipofungua mdomo. Lakini shangazi, mimi nilikuwa nafanya hesabu. Baba ana dada mmoja tu. Mume wa dada huyo ni Mwinyijuma. Huyu anayemwita baba shemeji ni nani?

Nilimuuliza baba kila siku tangu tuliporudi. Alikuwa anachukua jembe na kuondoka. Siku ya pili ya Idi ya Wazungu, ule mwaka mpya wao, nilimfuata mpaka shambani, akaniambia, "Ukiniuliza tena nitahamia Mlandizi." Ndiyo maana nikakuandikia habari za rejeta peke yake.

Halafu ikaja barua yako. Nikaona jina la Kondo limeandikwa kwa mkono wako. Jioni ile baba alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Nikakaa karibu yake nikaisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye jina, jembe likamtoka mkononi.

"Soma tena hapo."

Nikasoma.

"Ameandika 'anayesuka' au 'aliyekuwa akisuka'?"

"Ameandika 'anayesuka', baba."

Akaichukua barua akaitazama mwenyewe. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, na goti lile bovu. "Basi anajua yu hai," akasema. "Biubwa anajua." Akarudia hivyo mara nyingi.

Hapo ndipo aliponieleza. Kwamba Kondo alikuwa mume wako wa kwanza. Kwamba mwaka wa 1925 walikuja huku pamoja kukata mkonge, Kondo akashikwa na homa, baba akamwacha kwenye banda la wagonjwa akaenda kazini upande wa Ruvu. Aliporudi akakuta banda limechomwa moto kwa ajili ya ugonjwa, na msimamizi akamwambia wote waliokuwamo wamezikwa. Hakuoneshwa kaburi. Alipewa kanzu ya Kondo. Akatembea siku mbili kukuletea habari hiyo na kanzu ile. Ukakaa eda, kisha ukaolewa na Mzee Mwinyijuma.

Mwaka wa 1927, siku ya gulio, Mlandizi, akamwona Kondo amesimama ananunua chumvi. Anasema miguu yake yenyewe ilikimbia. Wakati huo wewe ulikuwa na mtoto mchanga kwa Mwinyijuma. Baba akajiambia: "Mimi ndiye niliyemleta dada yangu kwenye ndoa isiyo ndoa. Nikirudi Maneromango, nitamtazama kwa uso gani? Nikisema, nyumba yake inavunjika na watoto wake wanapata jina baya. Nisiposema, nitakuwa ninakula wali wake na uongo mdomoni." Akaona bora asije kabisa. Hata bibi alipofariki mwaka wa 1939, mkaleta mjumbe, hakuja.

Amekubali nikuandikie yote haya. Anataka kujua jambo moja tu. Ulijua tangu lini?

Mwanao,
Salumu


Maneromango, 14 Mei 1951

Mwanangu Salumu, na wewe kaka yangu Abeid, kwa maana najua utasomewa,

Shikamoo, kaka. Mwanakheri namwombea ajifungue salama. Hapa tumepata mvua za kuvunja madaraja, barua haikuweza kutoka kwa wiki tano. Lakini sikuchelewa kwa sababu ya mvua peke yake. Kulikuwa na mtu ambaye nilipaswa kumwambia kabla yenu.

Kaka, unauliza nilijua tangu lini. Nilijua kabla yako.

Kondo aliniandikia mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, mwaka ule ule mlioondoka. Karatasi ililetwa na muuza tumbaku, imekunjwa ndogo. Aliandika kwamba ameugua, ametolewa bandani na mwanamke mmoja wa Ruvu anayemuuguza, na hatarudi. Aliandika talaka moja, na majina ya mashahidi wawili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliisoma peke yangu nyuma ya jiko. Kama baba asingenifundisha herufi, ningempa mtu anisomee, na mji mzima ungejua kabla ya jioni. Lakini nilijua kusoma. Nikaitia ndani ya kasha chini ya nguo.

Wiki tatu baadaye ukaja wewe, umejaa vumbi, unalia, na kanzu mkononi. Ukasema Kondo amekufa.

Nilifikiri yote mawili ni kweli. Kwamba ameniacha, kisha amekufa. Ndivyo nilivyodhani, Wallahi. Lakini watu walipoingia kunipa pole, kaka, nikaona mlango. Mwanamke aliyefiwa anashikwa mkono. Aliyeachwa anaulizwa amefanya nini. Mama alinikumbatia siku ile kuliko siku zote. Sikuweza kufungua kasha. Nikakaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, nikaolewa na Mwinyijuma nikiwa na jina la mjane.

Kisha muuza tumbaku yule yule akaniambia Kondo yu hai. Nilikuwa nanyonyesha. Niliogopa siku moja, ya pili nikaenda kwa mwalimu wa Msanga, mbali, asiyenijua, nikamuuliza kama habari ya mtu mwingine. Akaniambia mwanamke yule yuko halali: talaka ilitangulia ndoa, na eda aliyokaa ni ndefu kuliko iliyompasa. Nikarudi nyumbani nikalala usingizi wa kushiba. Sikufikiria kabisa kwamba kuna mtu mwingine aliyebeba mzigo ule. Wewe uliacha kuja, nikasema kaka yangu amepata mshahara, ametudharau. Mama alipokufa ukawa hukuja, nikakuchukia. Mwaka mzima nilikuchukia, na salamu niliacha kuleta.

Kondo alihamia Kisarawe miaka minane iliyopita baada ya mwanamke wake kufa. Nikienda kuuza mikeka hupita upande wa pili wa njia. Ndiyo maana nilisema msisimame.

Neno langu moja lingekuleta nyumbani. Sikulisema kwa sababu nilikuwa nalinda jina ambalo halikuwa langu. Sina la kujitetea.

Mtu niliyepaswa kumwambia kwanza ni Mwinyijuma. Nilimpa karatasi ile mkononi. Aliisoma, akaikunja kama ilivyokuwa, akaenda kwa mdogo wake. Siku tatu hakuonekana. Aliporudi hakuuliza kuhusu Kondo. Aliniuliza, "Ule wakati wa eda ulikuwa unalia kila alfajiri, mama yako alikuwa anatusimulia. Ulikuwa unamlilia nani?"

Nikamwambia, "Nilikuwa najililia mwenyewe."

Akasema basi nimpe maji ya kuoga.

Kaka, njoo au usije, yote mawili ni haki yako.

Biubwa


Visiga, 2 Juni 1951

Shangazi,

Shikamoo. Wazima. Mwanakheri anatapika lakini wazee wanasema ni dalili njema. Tunajitayarisha kwa mfungo wa Ramadhani.

Nimemsomea baba. Nitakuambia kama ilivyokuwa, kwa sababu nimechoka kuficha.

Mwanzo alicheka. Nilipofika kwenye habari za mwalimu wa Msanga alicheka kabisa, akapiga goti lake. "Yuko halali!" anasema. "Siku zote hizi yuko halali!" Nilifurahi nikadhani yamekwisha.

Kisha nikasoma mahali pa bibi. Akaniambia nisisome tena.

Asubuhi yake hakunywa uji. Alisema, "Mama alizikwa mimi niko shamba la mkonge, safari ya siku mbili. Siku ile nililima mpaka mikono ikatoka damu ili nisifikirie. Na karatasi iko kwenye kasha." Nikamwambia, baba, hata wewe ulinyamaza. Akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona. "Mimi nilinyamaza kwa ajili yake," akasema. "Yeye alinyamaza kwa ajili ya nani?"

Swali hilo nakuletea, shangazi. Labda jibu unalo wewe.

Nimemuuliza nikuandikie nini. Alifikiri tangu adhuhuri mpaka alasiri. Akasema, "Mwandikie nimesikia." Zaidi ya hapo hakutaka.

Idi tuna mapumziko ya siku nne na lori nimeshaliomba. Sijui kama kuna safari.

Salumu


Visiga, 14 Julai 1951

Shangazi yangu,

Shikamoo, na ahsante kwa yote. Tulirudi salama, lori limevunjika springi moja tu kwenye yale mabonde. Swaumu analala na ule mkeka uliompa, hataki kitanda.

Kuna mambo hatukupata nafasi ya kuyaeleza kwa wingi wa watu, na kuna mengine nataka kuyajua. Nianze na yangu.

Baba hakusema atakuja. Mpaka mwezi ulipoandama hakusema. Asubuhi ya Idi tuliswali pamoja, na wakati watu bado wanapeana mikono mimi nikamtafuta nisimwone. Nilimkuta ameshakaa mbele ndani ya lori, na kanzu yake mpya, mlango ameufunga. "Mbona mnachelewa?" akasema.

Kisarawe alinisimamisha mwenyewe. Nilitaka kupita. Akasema, "Hapa." Akashuka akaenda barazani kwa Kondo, mimi nyuma yake, maana nilijua nisipokwenda sitalala mwaka mzima. Kondo akainuka. Wakapeana mkono wa Idi.

Baba akamuuliza, "Siku ile ya gulio, kwa nini hukuniambia kwamba dada yangu umeshamwandikia talaka?"

Kondo akasema, "Nikuambie saa ngapi, Abeid? Uliponiona ulikimbia. Nilikuita mpaka watu wakadhani umeniibia chumvi."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wa baba, nikaacha. Alisimama pale kama mtu aliyeoneshwa nyumba yake upande wa nyuma. Akamwambia Kondo Idi njema, akarudi garini.

Sasa maswali yangu. Tulipofika kwenu alishuka, akakupita wewe mlangoni bila kukushika mkono, akaenda makaburini, nawe ukamfuata. Mimi nilibaki na springi yangu, chini ya gari, nikiwatazama kwa mbali. Mlikaa kule tangu alasiri mpaka jua likakaribia kuzama. Mwanzo niliona hamtazamani. Baadaye niliona mnarusha mikono. Mwishoni, shangazi, nilikuona unacheka mpaka umeshika tumbo. Pale makaburini! Mlikuwa mnasema nini?

La pili. Siku ya kuondoka aliniambia nitangulie, atafuata. Leo ni siku ya sita. Anafuata lini?

Mwanao,
Salumu


Maneromango, 30 Julai 1951

Mwanangu Salumu,

Marahaba. Mwambie Mwanakheri mimba ikifika mwezi wa tisa aje azalie huku, nitamwangalia mwenyewe. Mzee Mwinyijuma anakusalimu. Banda alilolijenga kwa ajili yenu ile Krismasi limepata mtu.

Nilitaka nisikujibu. Nilisema, mwache huyu mtoto angalau mara moja alale bila kujua. Lakini nimeficha vya kutosha.

Kwenye kaburi la mama aliniuliza, "Ndilo hili?" Nikamwambia ndilo, la kwanza kutoka kwenye mti, la pili ni la baba. Akakaa chini. Akasoma alivyosoma. Kisha akasema bila kunitazama, "Uliniacha nisimzike."

Nikasema, "Nilikuacha."

"Huna neno jingine?"

"Sina, kaka."

Alilia, Salumu. Mimi nilikaa nyuma yake, sikumshika, kwa sababu sikujua kama bado nina ruhusa. Alipomaliza akafuta uso kwa kanzu ile mpya. Akaanza kung'oa majani juu ya kaburi. Nami nikaanza kung'oa upande wangu. Tuling'oa muda mrefu.

Halafu akasema ghafla, "Na yule mbuzi wa mama ni wewe uliyemfungua."

Sikuelewa. Akasema, "Yule mweupe, mwenye sikio moja jeusi. Aliingia kwenye mihogo ya jumbe, mimi nikachapwa. Ulikuwa wewe."

Nikamwambia, "Si mimi! Ni wewe uliyemfunga kwa ukambaa wa kuoza!" Akasema ukambaa ulikuwa mpya, alimwona baba akiusokota. Nikamwambia baba siku ile alikuwa Kisarawe kwa mazishi ya mjomba. Akasema mazishi ya mjomba yalikuwa mwaka mwingine. Tukabishana hivyo, mikono imejaa udongo. Ndiyo ile mikono uliyoiona. Nilicheka aliposema kwamba tangu alipochapwa siku ile hajala muhogo wa kuchoma kwa amani.

Hajanisamehe. Asubuhi moja hunisalimia, asubuhi nyingine hunipita. Juzi alikaa kutwa nzima bila kusema na mimi, akala na Mwinyijuma upande wa pili wa baraza. Sikumwuliza kitu. Mtu aliyekaa mbali siku nyingi kiasi hicho ana haki ya kukasirika kwa awamu.

Unauliza anafuata lini. Ameanza kupalilia shamba la bondeni, anasema tulilitelekeza, korosho zimesongwa na majani. Tuma blanketi lake na lile jembe la mpini mfupi. Nimemuuliza atarudi baada ya korosho? Akasema, "Baada ya korosho tutaona."

Na kila jioni akimaliza kuswali huanza upya habari za yule mbuzi. Watoto wamechoka, Mwinyijuma huondoka akaenda kuzungumza na jirani. Mimi humjibu. Miaka yote hii, mwanangu, sikuwa na mtu hata mmoja wa kubishana naye aliyemjua mbuzi wa mama kwa jina.

Shangazi yako,
Biubwa binti Mwinjuma